Kutoa harufu kwenye jaketi la ngozi la mtumba, kwa hewa ya Malindi

Jaketi la pikipiki likitoka kwenye robota la mitumba huja na harufu ya mtu mwingine. Mwenye kulinunua kwa safari za alfajiri kwenda Mombasa, karibu kilomita 120 usoni pa upepo, hutaka kulivaa kesho yake. Basi hulipulizia manukato au hulifukiza udi. Siku tatu baadaye jasho likiingia, harufu hurudi, na sasa ni mbili: ile ya zamani, na udi uliochachukia juu yake.

Kiini chake ni chumvi. Jasho hukauka, maji yake hupotea, lakini chumvi na mafuta ya mwili hubaki kwenye bitana na kwenye sponji za pedi. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu unapofika kama asilimia 75, na Malindi hewa ya usiku huvuka hapo mara nyingi mwaka mzima. Kwa hiyo bitana yenye chumvi haikauki sawasawa. Ukiigusa asubuhi ina ubichi, ingawa jaketi halikuvaliwa kwa wiki. Katika ubichi huo bakteria hula mafuta ya jasho na kutoa asidi zenye harufu ile tunayoijua. Ngozi yenyewe mara nyingi haina kosa. Kazi yako ni kutoa chumvi na mafuta kwa maji matamu, kisha kukausha polepole. Mengine yote yanafuata hapo.

Kabla ya kutoa pesa

Nusa ndani ya kwapa, ndani ya ukosi na mwishoni mwa mikono. Mgongoni hapakuambii kitu. Pindua ukosi utazame mshono wake, maana kuvu hujificha hapo kwanza. Kisha kunja ngozi ya kiwiko kati ya vidole viwili. Ikitoa mipasuko midogo na unga wa kahawia au mwekundu, nyuzi zake zimekufa: haitastahimili kufuliwa, wala haitamlinda mtu akiburuzika kwenye lami. Liache hapo hapo, hata kama bei ni ya kutupa.

Tazama pia ukingo uliokatwa, ndani ya mfuko au nyuma ya zipu. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizoshikana ovyo bila mpangilio. Ngozi bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa, juu yake utando wa plastiki. Utando wa poliyurethani huvunjwa na unyevu wenyewe, ukaanza kubanduka magamba, na hewa ya pwani huharakisha jambo hilo. Ngozi ya jaketi la pikipiki huwa na unene wa takriban milimita 1 hadi 1.4. Ikiwa nyepesi kama ya mkoba wa harusi, ni vazi la kupendezea tu.

Ipe harufu jina lake

Lugha yetu imeshatenganisha harufu hizi, na kila moja ina dawa yake. Kikwapa, au kutuzi, ni jasho. Uvundo ni kuvu na kukaa na unyevu. Shombo ni samaki, nayo huwa kwenye majaketi yaliyotumiwa hapa hapa na wabebaji wa samaki. Halafu kuna moshi wa sigara, petroli, vidonge vya nondo, na mkojo wa paka. Ukikosea jina utapoteza wiki nzima: vidonge vya nondo, kwa mfano, haviondoki kwa maji hata ukifua mara kumi.

Kama huna uhakika, tia jaketi ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko, uliweke mahali penye joto kivulini kwa dakika ishirini, kisha fungua na unuse mara moja. Harufu inayokupiga kwanza ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

Maji matamu, mitungi mitatu ya lita 20. Hapa tunasisitiza, kwa sababu visima vingi vya Malindi na vya Lamu vina maji ya chumvichumvi. Ukifulia hayo umetoa chumvi ya jasho na kutia ya kisima, na zipu zitashika kutu. Tumia maji ya mfereji au, bora zaidi, ya mvua.

Siki nyeupe ya dukani, ya asilimia 5, nusu lita. Siki ya kahawia huacha doa. Shampuu ya watoto au sabuni ya maji ya kufulia sufi. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70. Brashi laini, vitambaa vyeupe vya pamba, mataulo mawili, magazeti ya zamani, na krimu ya ngozi isiyo na rangi.

Sabuni ya mche iache nyumbani. Ngozi iliyotengenezwa kiwandani hukaa upande wa asidi, pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) ya 4 hadi 5 hivi, na sabuni ya mche ina 9 au 10. Huifungua ngozi na kuitoa mafuta yake, ikakauka kama kigae. Sabuni za unga zenye vimeng'enya ni hatari kwa sababu nyingine: vimeng'enya hivyo hukata protini, na ngozi ni protini.

Tahadhari na magadi. Wengi husikia kwamba soda ya kuokea hunyonya harufu, wakachukua magadi ya kuchemshia maharagwe wakidhani ni kitu kimoja. Soda ya kuokea ina pH ya 8 na kidogo. Magadi hufika 10 na huchoma ngozi. Hata soda ya kuokea isiguse ngozi. Itie ndani ya soksi safi ya pamba, vijiko vinne kila soksi, ufunge fundo na uweke soksi moja katika kila mkono wa jaketi kwa usiku mbili.

Na jiki, kabisa usiiguse. Huoza ngozi, hudhoofisha nyuzi za nailoni za mishono, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Watu wameumia bafuni kwa mchanganyiko huo.

Siku mbili za mwanzo: bila maji

Toa kila kitu mifukoni, fungua zipu zote. Toa pedi za mabega, viwiko na mgongo. Bandika utepe juu ya kila moja uandike upande wake, kulia au kushoto, na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Pedi za kiwiko zimepinda, na zikirudishwa kinyume hukaa nje ya kifupa zinachopaswa kukilinda. Kama kuna bitana ya baridi inayofunguka kwa zipu, itoe. Hiyo ifue kama nguo nyingine na uianike juani bila wasiwasi.

Geuza jaketi ndani nje, ulipige brashi, hasa mishono ya kwapa. Litundike barazani chini ya makuti, penye upepo na kivuli. Jua la asubuhi, kabla ya saa tatu, lipige bitana kwa nusu saa. Zaidi ya hapo jua hukausha ngozi na kupausha rangi. Usiku liingize ndani. Umande wa usiku mmoja hurudisha kazi yote nyuma.

Baada ya siku mbili nusa tena. Majaketi mengine huishia hapa, na hayo usiyafue.

Kusafisha bitana peke yake

Hii inatosha kwa kikwapa cha kawaida, na ndiyo njia tunayoipendelea kwa sababu ngozi hailowi. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, kikombe kwa kikombe. Lowesha kitambaa, ukikamue hadi kisitone, kisha ubonyeze bitana kipande kwa kipande. Bonyeza badala ya kusugua. Ukisugua, uchafu huingia kwenye sponji nyuma ya bitana. Geuza kitambaa kila mara upande safi. Kitakuja na rangi ya chai, na hilo ndilo ulilokuwa unalinusa.

Ngoja dakika kumi, kisha rudia kwa maji matamu matupu mara mbili. Hatua hii ya pili ndiyo watu wanaoiruka, na ndiyo inayotoa chumvi. Siki inavunja nguvu ya harufu tu. Chumvi inataka maji. Kausha kivulini siku mbili. Harufu ya siki itaondoka yenyewe.

Kufua jaketi zima

Fanya hivi kama bitana imeshindikana, na wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, jaketi lililoloa huchukua zaidi ya wiki kukauka na kuvu huota kabla halijakauka.

Kwanza jaribu rangi: sugua kitambaa cheupe chenye maji na tone la shampuu mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka kwa wingi, usiloweke. Jaketi la rangi mbili, nyekundu na nyeupe kwa mfano, ni hatari zaidi, kwani nyekundu huhamia kwenye nyeupe na haitoki tena. Ngozi ya manyoya mafupi, ile laini kama mahameli, pia usiitie majini.

1. Tia lita 15 za maji ya uvuguvugu kwenye beseni pana. Mkono wako usisikie joto wala baridi. Nyuzijoto 30 zinatosha. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya shampuu ya watoto.

2. Funga zipu, geuza jaketi ndani nje, ulizamishe. Likande kwa viganja dakika kumi, ukirudi kwapani na ukosini. Usilipitishe robo saa majini.

3. Mwaga maji, suuza kwa lita 15 nyingine. Kama maji bado yana rangi ya chai, badilisha tena.

4. Suuza la mwisho ni lita 10 za maji na nusu kikombe cha siki. Hili hukata sabuni iliyobaki na kuirudisha ngozi kwenye asidi yake.

5. Usilikamue kwa kulipindisha. Ngozi iliyoloa hunyooka, na mishono ikivutwa matundu ya sindano hupanuka. Liinue kwa mikono yote miwili kutoka chini, lichuruzike, kisha lilaze juu ya taulo, uviringishe na kulikandamiza kwa magoti. Rudia kwa taulo la pili.

6. Ligeuze upande wake, ulitundike kwenye henga pana. Henga ya waya huacha nundu mabegani. Jaza mikono kwa magazeti yaliyofinyangwa, uyabadilishe kila saa sita siku ya kwanza, mara mbili kwa siku baadaye.

Kukausha huchukua siku tatu hadi tano wakati wa kaskazi. Usilisogeze karibu na jiko, usilipige pasi. Ngozi iliyoloa ikipata joto kali hujikunja, na haikunjuki tena. Feni ya kawaida ni sawa, ikipuliza kutoka mbali.

Siku ya pili au ya tatu, ngozi ikiwa bado na ubichi kidogo, vuta mikono taratibu, kunja na kukunjua viwiko. Nyuzi zikikauka zimelala pamoja hushikana, na jaketi husimama lenyewe kama gunia la saruji. Hapo pia pakaa krimu mara ya kwanza, kiasi cha ukubwa wa sarafu ya shilingi moja kwa kila kipande cha ngozi, si zaidi. Likikauka kabisa rudia mara moja.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na kwa mchuzi. Kwenye ngozi ya jaketi yanaingia hadi kwenye mishono, yanashika vumbi, na yale ya kukamuliwa nyumbani yana mabaki ya tui ambayo ni chakula cha kuvu. Mafuta ya kupikia na ya simsim ni mabaya zaidi: huchacha ndani ya ngozi kwa miezi michache, na hiyo ni harufu isiyotoka tena.

Harufu zenye njia yake

Uvundo wa kuvu ufanyie kazi nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, upepo ukitoka nyuma yako. Ikung'ute kuvu kwa brashi, na brashi hiyo usiitumie kwingine. Kisha changanya spiriti na maji sawa kwa sawa, jaribu mahali pa siri kwa sababu spiriti huyeyusha rangi ya juu ya ngozi nyingine, upanguse kote. Acha saa 24, rudia. Kama kuvu imeingia kwenye bitana hadi imeacha madoa meusi, usijisumbue kuifua. Ibadilishe.

Weupe juu ya ngozi si kuvu kila mara. Chumvi ni ngumu na ina punje, hutoka kwa siki sehemu moja na maji sehemu nne. Mafuta ya ngozi yenyewe yanayojitokeza juu huyeyuka ukiyasugua kwa kidole chenye joto, nayo hayana madhara. Kuvu hupanguswa kwa urahisi, ina uvundo, na hurudi baada ya siku chache.

Vidonge vya nondo havitaki maji. Nafthalini haiyeyuki majini ila kidogo sana. Hutoka kwa kugeuka hewa. Lipe jaketi joto na upepo: chumba chini ya mabati, madirisha wazi pande mbili, wiki moja hadi tatu. Watu hukata tamaa siku ya nne na kulifua, na harufu hubaki pale pale.

Petroli nayo ni hewa tu, wiki mbili, mbali na jiko na sigara. Doa lake la mafuta lifunike kwa poda isiyo na manukato au unga wa wanga usiku mzima, kisha ulipige brashi.

Moshi wa sigara una lami inayonata juu ya ngozi pia. Pangusa nje kwa siki sehemu moja na maji sehemu nne, safisha bitana kama ilivyoelezwa, kisha weka vipande vya makaa makavu ndani ya mfuko wa kitambaa, nusu kilo, ndani ya jaketi kwa wiki. Makaa ya kawaida hunyonya polepole, lakini hunyonya.

Shombo hupungua sana kwa siki, kwa kuwa harufu ya samaki ni ya upande wa alkali na asidi huizima. Fuata njia ya bitana, mara mbili.

Mkojo wa paka ndio mgumu kuliko yote, na mahali kama Lamu, paka walipo kila kichochoro, si jambo la nadra. Fuwele za asidi ya yuriki haziyeyuki kwa maji. Zikikauka hutulia, unyevu ukirudi hunuka upya. Kwenye ngozi jaribu siki na maji mara tatu, siku moja katikati ya kila mara. Kwenye bitana au sponji, kata utupe.

Pedi

Mara nyingi jaketi limesafishwa vizuri na harufu imo ndani ya pedi. Zifue kwa shampuu na maji ya uvuguvugu, uzibonyeze kama sifongo, uzisuuze mara tatu, uzikaushe kivulini siku mbili au tatu hadi uzito urudi ulivyokuwa. Sponji ikiwa inabomoka ukiikamua, au ukiiminya haiinuki, imekwisha, nunua nyingine. Pedi za kiwiko na bega huandikwa alama ya kiwango cha Ulaya, EN 1621-1, za mgongo EN 1621-2. Kipande cha godoro si mbadala, na kupanda pikipiki bila pedi eti kwa sababu zilinuka ni kosa kubwa kuliko harufu yoyote.

Kubadilisha bitana

Hii ndiyo dawa ya mwisho. Inahitaji mita mbili hivi za kitambaa chepesi cha pamba. Mwachie fundi bitana ya zamani kama kielelezo, asiitupe kabla ya kukata mpya. Sehemu inayoungana na ngozi, kwenye upindo na nyuma ya zipu, ipeleke kwa fundi mwenye cherehani nzito, wa viatu au wa viti vya magari. Mwambie apitishe sindano kwenye matundu yale yale ya zamani, kwa uzi wa poliesta. Ngozi si kitambaa: tundu halijizibi, na mstari mpya wa matundu pembeni ya ule wa zamani hugeuka mahali pa kuchanika.

Bitana ikiwa nje, pangusa upande wa ndani wa ngozi kwa siki sehemu moja na maji sehemu nne, uache siku mbili. Nafasi hiyo haiji mara ya pili.

Baada ya hapo

Udi sasa una nafasi yake. Jaketi likiwa kavu kabisa na halina harufu, litundike wazi mita moja juu ya chetezo kwa dakika kumi, bitana ikitazama moshi. Ukilikaribisha zaidi, joto la makaa litaikunja ngozi. Mawardi usiyanyunyizie, ni maji, na maji ndiyo tuliyokuwa tukiyakimbiza.

Vaa fulana ya pamba ya mikono mirefu ndani. Ukirudi safari usilifungie kwenye sanduku la pikipiki wala kwenye mfuko wa plastiki. Litundike penye upepo hadi bitana ikauke, kisha lifunike kwa leso kuukuu. Kila wiki mbili pangusa kwapa na ukosi kwa kitambaa chenye maji matamu. Wakati wa masika, hata kama hulivai, litoe nje kila siku ambayo mvua imepumzika.